Shamba la jirani kugeuzwa viwanja vya makazi: niseme nini mkutanoni?

Mwenye kisima:
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Kumetoka tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi bondeni kwetu, kutoka kilimo kuwa makazi. Kwa sasa nyumba moja inatakiwa ikae kwenye eneo lisilopungua hekta 2. Pendekezo linashusha hadi mita za mraba 1,000. Kabla ya kutoa barabara, hekta 2 zile zile zinatoa viwanja 20. Ishirini! Leo pana nyumba moja.

Jirani aliyeomba si mtu mbaya. Ana watoto watatu, kila mmoja anataka pa kujenga, na sheria ya sasa haimruhusu kuwakatia. Marehemu mumewe ndiye aliyenisaidia kuchimba kisima changu, na kisima hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Huku hakuna bomba la maji safi wala la maji taka, kwa hiyo kila nyumba itachimba kisima chake na shimo lake. Tena nina ng'ombe, na upepo wa jioni hupeleka harufu ya zizi upande ule ule. Mkutano ni wiki ijayo, kila mtu dakika 3. Nikipinga nitaonekana nawanyima watoto wa mwenzangu makao.

Mpimaji mstaafu:
Dada, soma maandishi ya pendekezo lenyewe, usitegemee maelezo ya jirani. Mabadiliko ya namna hii huifuata ardhi, hayamfuati aliyeomba. Hata akiapa atakata vitatu tu, siku akiuza, mnunuzi ana haki ya kukata vyote. Niliwahi kuweka vigingi vya viwanja vinne kwenye shamba la mzee mmoja. Nilirudi pale kwa mwenye shamba wa pili, nikaweka vya thelathini. Uliza kama familia inaweza kugawiana bila kugeuza bonde zima. Mahali pengine sheria ina kipengele hicho.

Kuhusu ng'ombe, mara nyingi matumizi yaliyokuwepo huachwa yaendelee, lakini ukisimama kufuga kwa muda au ukitaka kupanua zizi, unaweza kukuta haki hiyo imekwisha. Omba iandikwe wazi.

Mpangaji:
Mimi nimezaliwa kijijini, sasa nimepanga mbali na wazazi kwa sababu hekta 2 sitaweza kuzinunua maisha yangu yote. Mama yangu anazeeka, na kumfikia ni safari. Naomba, mkiongelea visima, mtukumbuke na sisi tuliokosa pa kurudi.

Fundi visima:
Mpangaji ana haki ya kuumia, ila maji hayajui huruma. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 kati ya kisima na shimo la maji taka, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini. Sasa chukua kiwanja cha mita 25 kwa 40. Kona hadi kona ni kama mita 47, basi kisima na shimo lako vitaenea. Lakini shimo la jirani yako liko nyuma ya ua! Hapo ndipo viwanja vidogo vinaposhindwa.

Na wengi husema watachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi naitreti (kemikali inayoingia majini kutoka kwenye kinyesi), na naitreti ni hatari kwa watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Dai udongo upimwe wakati wa mvua, maji ya chini yakiwa yamepanda. Kipimo cha kiangazi kitawadanganya.

Mwenye kisima:
Asanteni sana. Jana jioni nilikwenda kwa jirani na karatasi yangu. Tukatembea kutoka kisimani kwangu hadi mahali anapotaka kumkatia binti yake: hatua 22. Alikaa kimya kitambo, halafu akasema binti anaweza kujenga upande wa juu.

Vile viwanja vingine hatujakubaliana. Mkutanoni nitaomba udongo upimwe kwanza, ukubwa wa kiwanja utokane na kipimo hicho, na zizi langu litajwe kwenye maandishi. Mpangaji, nitaomba pia kile kipengele cha familia. Tutakwenda pamoja na jirani, yeye na ombi lake, mimi na langu.