Impreza STI: taa za ABS na VDC zinawaka gari likianza kutembea, baada ya kubadilisha habu

zabibu_za_makutupora:
Wakuu, habari za mchana. Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya 2010, gia za mkono. Lilikuwa linavuma mbele upande wa dereva. Habu (kitovu cha tairi chenye beringi) ikabadilishwa hapa Kizota, Dodoma, na siku hiyo hiyo likapigwa alaimenti. Sasa nikifungua switchi taa zote zinawaka na kuzimika kama kawaida. Nikitoka getini, spidi ikifika kama 20, ABS (ya kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) inawaka, VDC (ya kuzuia gari kuteleza) inafuata. Nikizima na kuwasha tena zinapotea, mpaka nitembee. Taa ya injini haiwaki. Fundi anasema pampu ya ABS imekufa, nitafute used. Kile kidude cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani kinasoma "hakuna hitilafu". Nianzie wapi kabla sijatoa hela ya pampu?

Spana14:
Mkuu, shika hela yako kwanza.

Kidude hicho, kama ni hizi ELM327 za bei nafuu na programu ya kawaida ya simu, kinasoma namba za injini tu, zile zinazoanza na P. Za ABS na VDC zinaanza na C, na zinataka mashine inayoingia kwenye moduli (kompyuta) ya ABS yenyewe. Kusema hakuna hitilafu maana yake injini haina kesi, basi.

Na hilo nalo ni jibu. Kwenye Subaru, taa ya injini ikiwaka VDC inazimwa pia na taa ya cruise (ya kushikilia mwendo) inapepesa, hata kama breki ni nzima. Toyota wana tabia hiyo hiyo: watu wa Mark X wakisoma C1201 wanahangaika na breki, kumbe namba hiyo inasema tu tatizo liko injini. Wewe taa ya injini haiwaki, kwa hiyo njia hiyo tuifunge.

Cha maana ni taa ZINAPOWAKIA. Sensa ya spidi ya tairi ikiwa imekatika waya au soketi imeachia, moduli inaiona palepale ukifungua switchi, gari likiwa limesimama. Yako inasubiri tairi lizunguke. Umeme unafika kwenye sensa, ila inachokisoma hakieleweki. Na kilichoguswa mbele kulia ni habu.

Tafuta mashine, usome namba. Kwenye Subaru mbele kulia ni C0021 na C0022, mbele kushoto C0023 na C0024, nyuma kulia C0025 na C0026, nyuma kushoto C0027 na C0028. Namba witiri ni waya au sensa, namba shufwa ni mawimbi mabovu. Nabashiri C0022.

kijana_wa_nkuhungu:
Toa terminali ya betri dakika 10, zitafutika. Hizi gari ndivyo zilivyo.

Spana14:
Hapana mkuu. Kufuta namba si kutibu, tairi likizunguka taa inarudi. Tena anayetoa betri ovyo anaongeza mashaka kwenye sensa ya pembe ya usukani, halafu hatujui tunatafuta nini.

waya_mwekundu:
Naongezea kwenye kupima, maana hapa ndipo spea nzima zinapotupwa.

Sensa za gari hili si zile za zamani za koili ambazo unaweka mita kwenye ohm unasoma. Hizi zina saketi ndani. Ukipima ohm utapata namba isiyo na maana na unaweza kuiua. Inapimwa kwa mkondo: inapitisha kama miliampia 7, kisha 14, kisha 7, kila sumaku inapopita mbele yake. Nyanyua tairi kwa jeki, funga na stendi, fungua switchi, pitisha mita kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa sensa (kipimo cha mA 200), halafu mtu azungushe tairi taratibu kwa mkono. Ikiruka 7, 14, 7, 14, sensa ni nzima. Ikiganda kwenye moja tu, ama sensa imekufa ama hakuna sumaku mbele yake.

Sumaku hiyo ni pete nyeusi ya mpira iliyobebwa na sili ya ndani ya habu. Habu nyingine za bei ya chini zinakuja bila pete, au pete dhaifu. Dukani shika pini, isogeze kwenye sili: lazima ivutwe.

Ukipata mashine, usiishie kwenye namba. Fungua ukurasa wa spidi za matairi manne ukiwa unatembea barabara iliyonyooka, kisha rudi na majibu.

zabibu_za_makutupora:
Nimepata mashine leo Area C. Ni C0022 kweli, peke yake. Spidi kwa 30: mbele kushoto 30, nyuma 31 na 31, mbele kulia 30, 30, 12, 0, 28, 30. Mwendo wa mguu inadondoka pia, halafu inarudi. Matairi ya mbele ni 245/45R18, nyuma 245/40R18, niliwekewa hivyo kwa ajili ya mashimo.

waya_mwekundu:
Hesabu inadondoka kila baada ya umbali gani? Tairi lako la mbele likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na kidogo. Ikidondoka kila mita 2, pete ina kovu sehemu moja. Ikidondoka ukikata usukani au kwenye tuta, ni waya unaovutwa, angalia klipu zake kwenye shokapu.

zabibu_za_makutupora:
Kila mita 2, bila kukosea. Tumetoa sensa, tukamulika tochi kwenye tundu tairi likizungushwa. Kuna sehemu ya upana wa ukucha mpira umechubuka mpaka chuma kinaonekana.

Spana14:
Hiyo ni nyundo. Ekseli ilisukumwa kwa nguvu ikakwaruza pete. Habu inabadilishwa, pampu iache. Safari hii ekseli iingie kwa mkono, na nati yake ikazwe kabla gari halijakanyaga chini, uzito ukija juu ya nati iliyolegea beringi mpya inakufa. Futa pia unga wa chuma kwenye ncha ya sensa kwa kitambaa. Vumbi la Dodoma halishiki sumaku, unga wa diski unashika.

Matairi sasa. 245/40R18 ina kipenyo cha milimita 653, 245/45R18 ni 678. Tofauti karibu asilimia 4. Ukiwa 80 mbele inasoma chini kwa kilomita 3 hivi. Hujawashiwa taa kwa hilo, ila difu ya katikati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) inasuguana muda wote. Subaru wanataka mzingo wa matairi manne upishane kwa milimita 6 tu. Yote manne yawe 245/40, chapa moja, uchakavu mmoja.

Ukishafunga habu, usukani ukinyooka mashine isome pembe ya usukani karibu na 0. Isiposoma hivyo, waweke sensa ya usukani sawa gari likiwa sehemu tambarare, si kwenye mteremko wa gereji.

zabibu_za_makutupora:
Shukrani sana wakuu. Habu inakuja Jumatatu. Naweza kwenda nalo Morogoro kabla?

waya_mwekundu:
Breki za kawaida zipo, ila tairi litafunga ukikanyaga ghafla. Ile nyekundu ya breki ikiungana na ABS, mgawanyo wa breki za nyuma nao umezimika, na hapo gari linaweza kuteleza nyuma. Mvua hizi, panda basi.