PCR, EBER au FISH: kipi kinafaa kwa bloku za Burkitt?

Mwanafunzi_Tishu
Shikamooni wakuu. Nina bloku 40 za nta (vipande vya tishu vilivyofungwa ndani ya nta), uvimbe wa taya za watoto, zote limfoma ya Burkitt, saratani ya limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu). Natafuta zenye virusi vya Epstein-Barr (EBV). Mashine ya PCR (inayonakili DNA mara nyingi hadi ionekane) ninayo karibu, hela ni kidogo. PCR itatosha, au nihangaike na EBER, kipimo cha kutafuta RNA ya virusi, kwenye slaidi? FISH nayo naisikia tu.

Mkata_Slaidi
Marahaba mdogo wangu. Kwa swali hilo PCR peke yake itakupotosha. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wamebeba EBV kimya kimya kwenye limfosaiti zao, na huku kwetu watoto huvipata mapema sana. Ukisaga kipande chote na kutoa DNA, mashine itasema vipo, lakini haitakwambia kama vimo ndani ya seli za saratani au kwenye limfosaiti mbili tatu zilizokuwa jirani.

EBER inakuonyesha mahali. Virusi vikijificha ndani ya seli hutengeneza RNA ndogo kwa wingi mno, hadi nakala milioni moja kwa seli. Probu (kipande kidogo cha kinasaba kinachonasa RNA au DNA inayotafutwa) huzishika pale pale zilipo, rangi ikaingia. Burkitt iliyo chanya haina ubishi: viini vimejaa bluu nzito hadubini nzima, na katikati makrofeji (seli zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa) zimebaki kama matundu meupe. Hata sampuli zilizowafikisha Epstein, Achong na Barr kwenye virusi hivi mwaka 1964 zilitoka Uganda, kwa hiyo kazi yako ni ya nyumbani kabisa.

BiMaabara
Naunga mkono, ila usiamini hasi kirahisi. Niliwahi kupata hasi sita mfululizo, nikawa nimeshika kalamu niandike majibu. Nikarudi kwenye slaidi ya kontroli, ile ya probu ya U6 inayotafuta RNA ya kawaida ya kila seli. Nayo tupu! RNA ilishakufa, vile vipande vilikaa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) muda mrefu kupita kiasi. Bila slaidi ile ningeandika uongo kuhusu watoto sita.

Fomalini haiihurumii DNA pia, inaikatakata. Ukitumia PCR, chagua praima (vipande vinavyoonyesha PCR ianzie na iishie wapi) za kipande kifupi, chini ya besi 200, yaani herufi 200 za DNA.

Mwanafunzi_Tishu
Asante sana dada. Na FISH?

Kromosomu_8
FISH inajibu swali jingine: je, jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika, imevunjika? Katika Burkitt, mara nyingi MYC huhama kutoka kromosomu 8 kwenda 14. Unaweka probu nyekundu upande mmoja wa jeni na kijani upande wa pili. Jeni nzima huonekana njano, iliyovunjika rangi zinaachana. Inataka hadubini ya floresensi (ya kuonea rangi zinazong'aa) na chumba chenye giza, na rangi hufifia. Kama utambuzi wa Burkitt ulishathibitishwa, hela yako iweke kwenye EBER.

Mwanafunzi_Tishu
Basi EBER, pamoja na U6 kwa kila bloku. Proteinezi K, kimeng'enya cha kula protini ili probu iingie, niweke dakika ngapi?

BiMaabara
Usichukue namba ya mtu. Kata slaidi tatu za bloku moja unayojua ni chanya, jaribu dakika 5, 10 na 20. Ikizidi viini vinayeyuka, ikipungua probu haiingii. Na badilisha glavu kila mara, vidole vyetu vina vimeng'enya vinavyokula RNA.