Tupeane uzoefu: kitabu cha vita vya Mogadishu 1993 kilikukamata wapi?

Kiti cha Dirishani
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza Black Hawk Down cha Mark Bowden na usingizi umegoma. Kwa ambao hawajakisoma: Jumapili, tarehe 3 Oktoba 1993, makomando wa Marekani wanashuka kwa kamba karibu na Hoteli Olympic, jirani na Soko la Bakara, kuwakamata wasaidizi wawili wa Jenerali Aidid, mbabe wa vita wa Kisomali. Ilikuwa kazi ya saa moja hivi. Ikalala hadi asubuhi. Helikopta mbili zikadunguliwa katikati ya mji, Wamarekani 18 wakafa, Wasomali mamia. Mimi nilikwama pale vijana wanapojiandaa kuondoka kambini: huyu anaacha miwani ya kuonea usiku, yule anaacha maji, mwingine anachomoa bamba la mgongoni la kuzuia risasi kwa sababu ni zito. Nilikuwa nakisemesha kitabu kwa sauti: chukua wewe, chukua! Haya, kila mtu aseme alikamatwa wapi.

Kalamu Nyeusi
Pale pale. Miwani.

Mstaafu wa Kambi
Mimi ni msafara wa magari. Nilikuwa Mogadishu na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, kipindi Al-Shabaab bado wako ndani ya mji, kabla hawajaondoka Agosti 2011. Aliyepigana vita vya mjini ataielewa sura ile. Ndege iko juu, inaona barabara zote, inatoa maelekezo: kata kushoto. Maneno yanapita kwa huyu, yanapita kwa yule, yanapomfikia dereva kona imeshapitwa. Wanazunguka, wanarudi mtaa uleule, wanapigwa tena pande zote mbili, na nyuma ya lori majeruhi wanaongezeka. Nilikifunga kitabu nikatoka nje.

Kwetu tulijifunza mapema kwamba barabara ndiyo inayoua. Hatukupita barabarani. Tulitoboa kuta, tukawa tunahama nyumba hadi nyumba kwa ndani. Na hilo lina ubaya wake. Unatokea kwenye chumba cha watu, vumbi linatua, unakuta godoro limekunjwa vizuri, daftari la mtoto lina hesabu zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mwenye daftari hujui yuko wapi. Unaanza kutoboa ukuta unaofuata. Bunduki nilishazizoea hata kwenye ndoto, ila daftari lile linanijia nikiwa macho.

Kijana wa Nondo
Poleni mzee. Lakini mnasifia kitabu cha Wamarekani kujililia. Wasomali humo ni kundi tu linalokimbia na bunduki.

Mwalimu Sudi
Nondo, umekisoma au umeangalia filamu? Tuanzie hapo. Filamu ya Ridley Scott ya 2001, iliyopigwa Morocco, ndiyo iliyowanyima Wasomali sura. Bowden alikwenda Mogadishu mwenyewe mwaka 1997 akakaa na watu waliopigana na waliofiwa. Na anaieleza 12 Julai 1993, helikopta za Marekani zilipolipiga kwa makombora jengo walimokutana wazee wa ukoo wa Aidid. Msalaba Mwekundu walihesabu watu 54 waliokufa siku ile. Usipoijua Julai huwezi kuielewa Oktoba. Watu wale walitoka majumbani wakiwa tayari na msiba.

Kijana wa Nondo
Sawa mwalimu, kurasa zipo. Lakini wale 18 nawajua mmoja mmoja: jina, mke, mtoto anayesubiriwa. Wasomali ni 300, au 500, na wapo wanaosema 1,000. Hiyo tofauti ya watu 700 nayo tuiite makadirio?

Kalamu Nyeusi
Hapo umenena.

Mwalimu Sudi
Hilo sikupingi. Napinga kukihukumu kitabu kwa picha za sinema.

Mpiga Picha wa Zamani
Mmetaja 12 Julai mkanirudisha mbali. Nilikuwa kijana Nairobi, nikijifunza kusafisha filamu. Waandishi waliitwa kwenda kupiga picha za lile jengo. Umati wenye hasira ukawageukia. Hos Maina na Anthony Macharia, vijana wetu waliokuwa shirika la habari la Reuters. Dan Eldon, aliyekulia hapa Nairobi, naye wa Reuters. Hansi Krauss wa shirika la AP. Wote wanne siku moja. Chumbani kwetu palikuwa na picha za Hos zimebandikwa ukutani ili sisi wanafunzi tuzitazame mwanga. Hakuna aliyezibandua. Kwa hiyo naelewa hasira ya umati ule, na bado siwezi kuisamehe. Yote mawili nimeyabeba.

Wa Ngara
Na matokeo yake yakatufikia sisi. Clinton alitangaza majeshi yake yatakuwa yametoka Somalia ifikapo 31 Machi 1994. Aprili, Rwanda. Hakuna aliyetaka Mogadishu ya pili. Niliona daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, mwisho wa mwezi ule, watu robo milioni walivuka kwa muda wa siku moja tu. Kitabu hakinitoi machozi kwa wale askari, kinanitoa kwa wale ambao hakuna askari aliyetumwa.

Binti Hamarweyne
Nimesoma kimyakimya. Kiswahili changu nimekiokota kambini na Eastleigh, mtanivumilia.

Siku hiyo sikuwa Hamarweyne, mtaa wa kale wa Mogadishu. Nilikuwa kwa mama mdogo, upande wa Bakara. Helikopta tulikuwa tumezizoea kwa ubaya: zilipita chini sana usiku, zinang'oa mabati, zinapeperusha nguo kwenye kamba, watoto wachanga wanalia hadi wanaishiwa sauti. Watu walizichukia kabla hata ya siku ile. Mchana ule tulisikia mlio, halafu moshi wa matairi. Moshi ule ni wito, kila mtu mtaani alijua maana yake. Vijana wakaanza kukimbia kuelekea kwenye milio, si kuikimbia.

Kisha maganda ya risasi yakaanza kuanguka kutoka juu kama mahindi yanayomwagwa kwenye bati. Kaka yangu mdogo aliokota moja uani. Lilikuwa la moto bado, likamchora mstari kwenye kiganja. Anao hadi leo, anawaonyesha wanawe.

Usiku mama mdogo alitupanga katikati ya pipa la maji na ukuta wa ndani, wadogo chini, wakubwa juu yao. Kiu ilitushika na pipa liko hapohapo, ila kusimama kuchota hakukuwezekana, risasi zilikuwa zinapita usawa wa dirisha. Jirani yetu alitoka kumtafuta mwanawe. Mkewe alimshika kanzu, akajitoa. Mwana alirudi alfajiri. Baba hakurudi.

Nilikinunua kitabu nikitafuta mtaa wetu. Nikakuta vijana waliobanwa usiku kucha ndani ya nyumba za watu kama sisi, hawana maji, wanasubiri magari ya Wamalaysia na Wapakistani wa Umoja wa Mataifa. Labda ni kuta mbili tatu kutoka kwetu. Walikuwa na kiu na mimi nina kiu. Sikutaka kulijua hilo. Sasa nalijua.

Kiti cha Dirishani
Dada. Pole sana. Sina la kuongeza.

Mstaafu wa Kambi
Pole mwanangu. Kama bado unakisoma, soma mchana, watu wakiwapo. Usiku hapana.

Mama Tumaini
Mimi nasema kiweke kabisa. Kuna vitabu si lazima vimalizwe.

Kalamu Nyeusi
Kwa nini akiweke? Ni mji wake. Akimalize, aandike pembezoni kila mahali palipopungua.

Mama Tumaini
Kuandika ndiko kutamnyima usingizi. Atafute mtu wa kuzungumza naye, aliyesomea kazi hiyo. Na wewe mstaafu, vilevile.

Mstaafu wa Kambi
Naongea na mbuzi wangu, wananitosha.

Mama Tumaini
Mbuzi hawajibu, mzee. Nimesema kwa nia njema.

Kijana wa Nondo
Binti, yule jirani aliyetoka kumtafuta mwanawe, jina lake liandike hapa. Ya wale 18 yanajulikana.

Binti Hamarweyne
Nitamuuliza kwanza mama mdogo, na mjane wake yuko hai. Wakiridhia nitaliandika. Na wako wengine wa mtaa wetu, mama mdogo anawataja wote akianza kuswali swala ya maiti ya mtu mwingine yeyote.

Kijana wa Nondo
Tutasubiri. Mwalimu, hicho kitabu nakipata wapi?

Mwalimu Sudi
Changu kipo, nitakuazima. Uanzie Julai.