Kishikio cha fimbo za kuvulia kwenye Hilux, nani kashatengeneza mwenyewe?

Kambale_Dom
Wakuu habari za jioni. Nina Hilux dabo kebini na fimbo nne za kuvulia, ndefu ni futi 7, sasa kila tukitoka Dodoma kwenda bwawa la Mtera zinalala kwenye bodi pamoja na deli la barafu na jiko, zinagongana, mishipi inasokotana na zile pete za kupitishia mshipi zinapinda. Kuagiza cha dukani nje naona ni kuchoma hela kwa kitu ambacho ni bomba tu. Aliyetengeneza chake atupe vipimo. Keria ninayo.

FundiBomba_Ipagala
Mkuu hiyo kazi ndogo. Chukua bomba la PVC la inchi 2, kata vipande vinne vya sentimita 30 hivi, mdomo wa juu wa kila kimoja chonga mfereji wa kuingilia mguu wa rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), hapo ndo wengi wanapuuzia, bila huo mfereji fimbo inajizungusha njiani rili zinapigana. Piga msasa, ndani gundisha vipande vya ndala kuukuu ili kitako kisicheze. Halafu mbao ya mbili kwa nne, bomba zifunge kwa bolti na washa, skrubu peke yake usiziamini, barabara zetu unazijua. Mbao unaibana kwa yubolti (bolti ya umbo la U) kwenye lile bomba la nyuma ya kebini. Chini usizibe, pitisha bolti moja ikatize katikati, kitako kikae juu yake, maji na mchanga vitoke. Na upake rangi, jua la huku linaikausha PVC mpaka ikiguswa inapasuka.

Mzee_wa_Migunga
Fundi kaeleza vizuri ila za kusimama kwa safari ya Mtera mimi sizikubali. Futi 7 juu ya bodi inakaribia mita 3 toka chini, kwenye lami sawa, ukichepuka kuelekea majini migunga itakuvunjia ncha zote. Laza juu ya keria. Bomba la inchi 4, lizidi fimbo kidogo, upande mmoja gundi kofia, mwingine weka ya kufungua kwa kuzungusha. Rili zivue ziingie kebini, vumbi litazimaliza. Rangi iwe nyeupe, upande wa chini toboa vitundu unyevu utoke.

Kambale_Dom
Shikamoo mzee. Nne zitaenea humo? Na kwenye keria nabana na nini?

Mzee_wa_Migunga
Marahaba. Zinaenea, rili zikishatoka kila moja ivishe mfuko wa kitambaa, zipishanishe vitako na ncha. Mpe fundi wa kuchomelea flatibaa (chuma bapa) akukunjie nusu duara tatu, kati ya chuma na bomba weka mpira wa tyubu. Ndoano toa zote kabla.

IST_ya_Area_C
Sisi wa vigari vya IST tumesahaulika hapa 😂 zangu zinagawanyika mara mbili, nimevuta kamba za mpira mbili, moja vishikio vya dari vya mbele na moja vya nyuma, kushoto mpaka kulia, fimbo zinalala juu yake. Hela ya chai tu. Ila usipakie mtu mrefu nyuma.

FundiBomba_Ipagala
Mzee nimekuelewa kwenye migunga, lakini mbao yangu unaifungua tu, mkifika mnaibana kwenye mlango wa bodi ulioshushwa, fimbo zinasimama zinasubiri perege nyie mnachoma nyama. Hilo bomba la inchi 4 likifika majini kazi yake imeisha.

Kambale_Dom
Duh, basi kwa mzee nasafirishia na kwa fundi navulia. Fundi nicheki inboksi uniambie bei ya kunikatia hivyo vinne.