Taya linauma na wasiwasi hauishi, wenye kubana meno tupeane uzoefu

MwalimuKiembesamaki
Asalam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Uzi huu nimeufungua makusudi maana naona tuko wengi tunaumwa na kitu hichi na kila mtu anakifikiria chake, huyu sikio huyu jino huyu kijicho. Mie nasomesha skuli, ukifika wakati wa mitihani ya taifa naamka asubuhi mashavu mazito utadhani usiku kucha nilikuwa natafuna miwa, panja zinagonga, na hapa mbele ya sikio nikifungua mdomo panalia kwaa. Nishatiwa matone ya sikio, nishapewa na antibayotiki, na maumivu yako palepale.

Aloijua ni tabibu mmoja wa meno. Kabla hata hajanitazama kinywani kaweka vidole viwili juu ya shavu langu karibu na pembe ya taya, kanambia haya bana meno kwa nguvu, nikasikia msuli unainuka chini ya vidole vyake. Kisha kanambia legeza, akapabonyeza palepale, wallahi niliruka, ni maumivu yaleyale ninayoamka nayo. Akasema sikio lako zima, huu ni msuli wa kutafunia umechoka. Halafu kaniuliza taratibu, mama una jambo gani linakushughulisha? Machozi yakanitoka palepale kwenye kiti.

Kitu alonambia ambacho nataka kila mtu akijue: meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila unapotafuna na unapomeza, ukijumlisha siku nzima haifiki hata nusu saa. Sasa hebu wewe unosoma hapa, meno yako yamegusana au yameachana? Semeni na nyie yaliyowakuta.

BiMkoani
Mwalimu nimesoma hapa nikajikuta meno yamebanana, nimeshtuka! Mie wa Pemba, mwanangu anasoma Unguja, na siku anopanda boti mie silali. Sie tangu ile meli ilozama Nungwi Septemba 2011 wengine hatujarudi sawa, huku kila mtu kampoteza mtu au anamjua alompoteza. Boti ikishaondoka taya langu limeshakaza na haliachii mpaka anipigie simu kuwa kashuka. Usiku nasaga meno, mie mwenyewe sisikii, anosikia ni baba watoto, ananiamsha. Mama mkwe kasema ni minyoo, basi nikanywa dawa za minyoo na kusaga kuko vilevile. Na msimu wa karafuu ndo huzidi kabisa kwani nakaa jamvini nachambua toka asubuhi kichwa kimeinama, nikija kuinuka shingo na taya vyote vimekakamaa siwezi hata kupiga miayo.

Tabibu_wa_Meno
Bi Mkoani pole sana mama. Hilo la minyoo nimelikuta kila kijiji, dawa ya minyoo kunywa si vibaya lakini haitibu kusaga meno. Naomba niseme kidogo maana ndo kazi yangu.

Kusaga usiku na kubana mchana ni vitu viwili. Ule wa usiku unatokea usingizini na wewe huna habari. Wa mchana ndo unofuatana zaidi na wasiwasi, mtu anaendesha gari, anasahihisha madaftari, anasubiri simu, meno yamekaza. Watafiti huwa wanabandika vidude vidogo kwenye shavu na kwenye panja vinavyosoma umeme wa msuli. Msuli ulotulia umeme wake ni mdogo sana, lakini kwa baadhi ya watu wenye wasiwasi mwingi unakutwa uko juu kidogo hata pale ambapo hawatafuni chochote, na huko kukaza kidogo kidogo kwa masaa ndiko kunakouchosha msuli na kukibana kile kiungo mbele ya sikio, ambacho ndani yake mna kisahani cha gegedu kinachoteleza kila ukifungua mdomo. Ile kwaa ya Mwalimu mara nyingi ni hicho kisahani kinaruka mahali pake. Kama inalia tu haiumi na mdomo unafunguka vizuri, isikutie hofu.

Ila msinielewe vibaya, si kila mwenye wasiwasi taya litamuuma, na si kila taya linalouma ni wasiwasi. Halafu maumivu nayo yanaondoa usingizi na kuleta wasiwasi mwengine, vinazidishana. Wanawake ndo wanaokuja kwetu zaidi kwa tatizo hili. Na kuna baadhi ya dawa za msongo na huzuni, mfano fluoxetine na sertraline, kwa watu wengine zinaleta kubana meno. Ukiona hivo usiziache mwenyewe, rudi kwa daktari alokuandikia.

KijanaWaForodhani
Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, masika ikiingia wageni hakuna na mkopo unataka kulipwa. Taya likaanza kuuma upande wa kulia nikasema ni ubani wa kutafuna maana nilikuwa nao mdomoni kutwa, tena jioni nikipita pale kwenye pweza sijizuii. Ikaja Ramadhani, mchana kutwa hakuna ubani hakuna pweza hakuna chochote kinywani, na alasiri taya linauma vilevile!! Hapo ndo nikajua si chakula, ni mie nakaza meno nikipiga hesabu za deni. Nimekwenda kukaa na mdai wangu tukapanga upya malipo, na kwa kweli hilo limenisaidia kuliko Panadol zote nilizomeza.

MwalimuKiembesamaki
MashaAllah kijana, hilo la Ramadhani wengi hatukulifikiria.

Mie ninavofanya: kila nikisikia adhana nayaangalia meno yangu. Yakiwa yamegusana nasema "nnn", hapo ulimi unapanda wenyewe nyuma ya meno ya mbele ya juu na meno yanaachana, kisha nafunga midomo tu meno nayaacha vivohivo na mabega nayashusha. Usiku naweka taulo la maji ya moto shavuni na kuusugua ule msuli polepole kwa vidole. Likizidi nakula boko boko na uji, mahindi ya kuchoma na kashata naziacha kwanza. Na wasiwasi wenyewe nimeanza kuusema kwa dada yangu, sio kukaa nao peke yangu.

MamaWete
Jamani na hivi vya plastiki vya kuvaa menoni usiku vinasaidia? Na mwanangu wa miaka sita anasaga usiku mpaka tunaamka, nifanyeje?

Tabibu_wa_Meno
Kinasaidia meno yasilike na wengine wanapata nafuu ya maumivu, lakini kipimwe kwa meno yako mwenyewe, usinunue tu mtandaoni. Hakiondoi wasiwasi. Mtu akikwambia tukusage meno ili yakutane vizuri au tukupasue taya, usikubali haraka, walio wengi wanapata nafuu kwa hayahaya ya Mwalimu pamoja na fizio, yaani tiba ya mazoezi ya misuli na viungo. Mtoto wa miaka sita mara nyingi huacha mwenyewe akikua, mpeleke kama meno yanalika, analalamika kuumwa au anakoroma sana.

Na hili muwaambie na wazee nyumbani: mdomo ukikwama wazi baada ya miayo msiuvute wenyewe, nendeni hospitali urudishwe. Uvimbe na homa, au mdomo haufunguki hata vidole viwili havipiti, usisubiri. Na mtu taya likimuuma pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukatika, huyo si msuli wa kutafunia, huenda ni moyo, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.