Wapiga besi mnaokula kwa kazi hii, vyombo mnavichagua vipi?

Kijana_wa_Kibirizi (Kigoma)

Wakubwa shikamooni. Napiga besi kwenye kwaya hapa Kigoma, na wikiendi naitwa kwenye harusi za Mwanga na Ujiji. Gitaa langu ni la nyuzi nne, la Kichina, halina jina la maana. Nyumbani linanguruma vizuri. Tukiingia ukumbini na kinanda, dramu na magitaa mawili, silisikii tena, na nikiongeza sauti watu wanalalamika kuwa linavuma. Mwenzangu ananishauri niliuze nitafute la nyuzi tano lenye betri, anasema ndiyo magitaa wanayopigia wapiga besi wote wa kazi. Nimejikusanyia laki saba kwenye shughuli za dagaa na sitaki zipotee. Nianze kununua nini?

NyuziTano

Chukua nyuzi tano, mkuu. Mpiga kinanda akishapenda ufunguo wa E-flati au D, wewe mwenye nyuzi nne noti ya chini huna, unarukia juu na wimbo unapungua uzito. Mimi napiga sebene na injili, uzi wa B, ule wa tano ulio mnene kuliko wote, umeniletea kazi nyingi.

Besi_Isevya (Tabora)

Marahaba mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu, maana hela ya dagaa ina jasho ndani yake.

Sisi tuliojifunza besi kwenye bendi za dansi hatukuwa na magitaa yetu. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, awe tajiri, awe shirika. Ukihama bendi unaacha gitaa, unaondoka na vidole vyako. Ndivyo walivyoishi wanamuziki wengi wa nchi hii, pamoja na mji wangu huu uliotoa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Kwa hiyo ukimuuliza mpiga besi wa zamani anapenda gitaa gani, atakueleza nyuzi zilivyokaa. Jina la kampuni huenda hata halikumbuki.

Lakini usidhani alikuwa hajali. Aliyenifundisha alitembea na waya wake mwenyewe, ameuviringisha kwenye mfuko wa koti, pamoja na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo. Apewe gitaa lolote, anasokomeza sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, anapiga uzi mmoja mmoja akisikiliza noti inafia wapi. Anaisogeza kidogo, anapiga tena. Hapo hasemeshwi. Akiridhika ndipo anauliza tunaanza na wimbo gani.

Baadaye nikasoma habari za James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, nikakuta mambo yale yale. Gitaa la besi la Fender Precision la 1962, sponji chini ya kifuniko cha daraja, nyuzi nene zenye uso laini ambazo hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja, na kidole kimoja tu cha shahada. Carol Kaye, mpiga besi wa Los Angeles, yeye alipiga kwa piki, kile kipande cha kukwanyulia nyuzi, akaweka kitambaa kizito juu ya nyuzi ili noti isirefuke. Mpiga besi mwingine, Jaco Pastorius, akataka kinyume chake: noti iimbe na kuteleza. Gitaa lake halikuwa na freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, na ubao wa vidole ulipakwa epoksi, gundi ngumu ya kupakia maboti, ili nyuzi zenye kukwaruza zisiule. Hawa watatu walichagua sana, tena sana. Kila mmoja alijua anataka noti yake iwe na urefu gani, kisha akakifanya chombo kimfuate.

Huo urefu wa noti ndio ninaotaka uushike. Kuvuma unakolalamikiwa naamini kunaanzia hapo: noti ya kwanza haijafa, ya pili imeshaingia, na teke la dramu liko papo hapo. Jaribu kuikata noti kabla tu snea, ile ngoma ya dramu yenye mlio mkali, haijapigwa. Utashangaa besi inavyosikika hata volumu ikiwa chini.

Kuhusu gitaa ulilonalo, lipeleke kwa fundi kabla hujaliuza. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili pale shingo inapoungana na mwili, halafu tazama freti ya 7 au ya 8. Nafasi kati ya uzi na freti iwe kama unene wa kadi ya harusi. Ikizidi sana, shingo imevutwa na nyuzi. Fundi akaze kile chuma kilicho ndani ya shingo, robo mzunguko, kisha aliache gitaa litulie. Mbao hazikai hivyo hivyo mwaka mzima. Kiangazi hapa Tabora hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, masika yakija mbao zinanywa unyevu, kwa hiyo kazi hii haifanywi mara moja tu. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki ya hapo hapo, yaani mlio wa uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kitako cha uzi huo kirudishwe nyuma. Magitaa ya bei ndogo yaliyofanyiwa hivi nimeyapigia kazini, na waliolipa hawakulalamika.

Ukitoka hapo nunua waya mzuri, na seti moja ya nyuzi uiweke akiba. Nyuzi za besi ni ghali, ndiyo maana wengi wetu tunazichemsha dakika kama 10 na kuzikausha vizuri. Uchafu unatoka, mlio unarudi kwa muda mfupi. Baada ya hapo hazina dawa.

Na hili linaniuma. Vijana wanaingia madeni kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa, mwezi haujaisha wanaliuza kwa hasara ili walipe. Sijawahi kuona mwenye harusi akiuliza gitaa la nani. Anauliza yule kijana aliyepiga siku ile yuko wapi.

Mitambo_Gungu (Kigoma)

Naongezea upande wa spika. Uzi mnene ukipigwa wazi ni kama hertzi 41, na wimbi lake lina urefu wa mita 8 na kidogo. Kwenye kumbi zetu za tofali hilo wimbi linagonga ukuta na kurudi, mahali pengine yanajazana, pengine yanafutana. Ndiyo maana wewe hujisikii na aliyekaa nyuma anaumia masikio. Kabla watu hawajaingia, omba waya mrefu, shuka utembee mpaka mlangoni huku unapiga. Spika ya besi isibanwe kwenye kona, kona inazidisha mvumo. Na mpiga kinanda wenu apumzishe mkono wa kushoto! Nusu ya besi ninazoambiwa zinavuma ni kinanda na gitaa vinagombea noti moja.

Kijana_wa_Kibirizi

Asanteni sana. Sponji nimeiweka, tofauti nimeisikia mazoezini jana. Mpiga kinanda nimemwomba, amekubali kwa shingo upande. Ila mzee wangu, nyimbo zetu nyingi kweli ziko E-flati, hapo nifanyeje?

Besi_Isevya (Tabora)

Hapo NyuziTano amesema kweli, noti hiyo unaihitaji. Anza kwa kuulegeza uzi mnene mpaka D. E-flati utaikuta freti ya kwanza, E ya pili, na kila ulichozoea kwenye uzi huo kinasogea freti mbili. Ukilegea mpaka unagonga freti, tafuta uzi mnene zaidi. Kama bado hujaridhika, azima gitaa la nyuzi tano upige nalo ibada nzima kabla hujatoa hata shilingi, maana shingo yake ni pana na si kila mkono unaipenda. Na likiwa la betri, chomoa waya kila ukimaliza. Ukiuacha umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hakuna anayepiga.