Mtaa wa kambini: mwinjilisti mpya kafika, Jumapili hatuzidi watu ishirini. Tumsaidieje asikimbie?

Mgonga Reli (ameanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa Kilutheri (tawi dogo la usharika) ulio ndani ya shamba la mkonge, wilaya ya Korogwe. Jina la shamba naliacha, wenyeji mtalijua tu. Jengo letu ni la enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa mashambani, kuta za mawe, linachukua watu mia tatu wakibanana. Na walikuwa wanapatikana! Watu walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, kila mmoja na lugha yake, ikabidi wote waimbe kwa Kiswahili. Baba yangu aliletwa huku kutoka Ubena akiwa tayari Mlutheri.

Vijana hamwezi kuamini, lakini mwaka 1964 nchi hii ilitoa mkonge karibu tani 230,000. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakabadilisha wenyewe, kambi zikaanza kuvunjika moja baada ya nyingine. Korona yetu, yaani kiwanda cha kusindika majani ya mkonge, iliposimama, watu walibeba masanduku wakaondoka. Kanisa halina miguu, likabaki.

Leo tukijitahidi tunafika ishirini, na hapo nimehesabu watoto wa shule ya Jumapili. Kengele yetu ni kipande cha reli ya toroli kilichoning'inizwa kwenye mwarobaini. Mgongaji ni mimi. Wanaokuja ni walewale ambao wangekuja hata nisingegonga.

Sasa usharika umetuletea mwinjilisti, kijana ametoka chuo juzijuzi, ana mke na mtoto wa kubeba. Baraza la wazee limegawanyika. Wapo wanaotaka tuanze na bati, maana masika tunasogeza madhabahu kukwepa matone. Wapo wanaotaka spika na kinanda, kwa sababu vijana wetu wamehamia kanisa la pale njia panda. Na wapo wanaosema tufunge tu, tujiunge na mtaa wa barabara kuu.

Mimi wasiwasi wangu ni huyu kijana. Wawili waliomtangulia waliomba uhamisho. Posho ni laki na nusu, na inakuja inapojisikia. Makisio, yaani kiasi cha sadaka tunachopangiwa na kudaiwa na usharika, ni kama vile kambi bado imejaa. Nauliza waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao: mwinjilisti kama huyu anasaidiwaje?

Mwombaji wa Usiku

Fanyeni mkutano wa Injili siku saba uwanja wa mpira, mtangulize maombi ya kufunga. Mitaa iliyokufa inafufuliwa na Roho, siyo na vikao.

Mgonga Reli

Amina mpendwa. Mkutano ulifanyika mwaka juzi, uwanja ulijaa, waliookoka wakaandikwa kwenye daftari. Daftari ninalo kabatini. Hakuna aliyetumwa kuwatembelea.

Mwinjilisti Mstaafu

Salaam mzee mwenzangu. Nimehudumu mitaa ya tambarare kuanzia Korogwe hadi Muheza mpaka nikastaafu, kwa hiyo hilo jengo lako naliona hata usiponitajia jina.

Naanza kwa kukuuliza: kambini hapo nani anakaa sasa? Usijibu kwa kukumbuka. Chukueni daftari jipya, wewe na huyo kijana, mpite nyumba kwa nyumba. Nilipopewa mtaa wa kambi, wazee walinipokea kwa kuniambia watu wameisha. Nikapita. Nikakuta mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bukoba, Mlutheri wa kuzaliwa, miaka yote ile hajaalikwa na mtu. Nikakuta mama wa Kipare anauza vitumbua, amepata kipaimara kwao Same. Nikakuta wakulima waliopewa vitalu vya mkonge kwa mkataba, maana siku hizi mkonge si wa kampuni peke yake. Wote walidhani lile kanisa ni la "wale wa zamani". Na kusema kweli tulikuwa tunaliendesha hivyo: matangazo ya watu waliokwishahama, kwaya ya wajukuu wa manamba, viti vya mbele vyenye wenyewe.

Mkata mkonge anaingia shambani kungali giza ili jua lisimkute. Jumapili ndiyo siku yake ya kufua, kulala na kwenda gulioni. Ibada msihamishe, lakini jumuiya ihamisheni. Sisi tuliipeleka Jumatano jioni kwenye kibaraza cha yule mama wa vitumbua. Sikuhubiri. Tulisoma somo la Jumapili inayokuja, kila mtu akasema lilivyomgusa, tukaombeana kwa majina, tukanywa chai ya mchaichai, basi. Walioanza kuja Jumapili walitokea pale kibarazani.

Lingine watu hawapendi kulisema: Chakula cha Bwana. Mwinjilisti haruhusiwi kuhudumia sakramenti. Mchungaji ni mmoja, mitaa ni mingi, na mtaa mdogo ndio unaorukwa mvua ikinyesha. Mtu akikaa miezi mitano bila kukaribia meza, mtoto wake hajabatizwa, na pale njia panda kuna mchungaji kila siku, ataenda. Wala si spika iliyompeleka. Mwandikieni mchungaji wenu barua ya kuomba tarehe za mwaka mzima, kwa heshima, bila kulalamika. Tarehe ikishabandikwa ukutani, kuiruka kunahitaji maelezo.

Makisio nayo. Mkonge ukiupanda leo, hukati jani la kwanza mpaka miaka mitatu hivi ipite, na sijaona meneja anayeingia kwenye miche na panga baada ya miezi mitatu. Lakini mwinjilisti baada ya miezi mitatu anasimamishwa kwenye kikao kuulizwa makisio! Ombeni usharika uwaachilie kwa miaka mitatu, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Maneno ya mdomoni mchungaji akihama yanahama naye.

Halafu msimwone mwinjilisti kama mchungaji aliyekosa digrii. Misioni ya Betheli, ya Wajerumani, ilifungua kituo cha Mlalo, huko milima ya Usambara, mwaka 1891. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Usambara, na wamisionari Wajerumani wakaishia kuondolewa. Makanisa yalibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Wajerumani wakarudi miaka ya 1920, vita ya 1939 ikawaondoa tena, na kazi ikarudi palepale. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa misioni milimani wakati huo wa pili. Mshahara haukuwepo. Wakristo walikuwa wanamlimia: siku moja kila wiki ya masika, jembe kwa jembe, na mavuno yakiingia anaishi mwaka mzima bila kuomba. Huyo kijana wenu mkimtafutia ekari moja na mkaenda naye shambani, laki na nusu ikichelewa hatalala njaa, na hata uhamisho ataufikiria mara mbili.

Bati lisubiri.

Fundi Cherehani

Shikamooni wazee. Mimi ni mke wa mwinjilisti, mkoa mwingine. Nitasema kwa upole ila nitasema.

Mmezungumza posho, bati, makisio, sasa shamba. Hakuna aliyeuliza choo. Nyumba ya mtaa tuliyopokelewa choo chake kilikuwa kimetitia, nikawa naazima kwa jirani, nami ni mjamzito. Kila nikienda nachukua kopo la maji na tabasamu.

Wageni wote wa kanisa wanafikia kwangu: kikao cha wazee, kwaya ya mtaa jirani, mkuu wa jimbo akipita. Kuku ananadiwa baada ya ibada, mzee ananunua kwa elfu kumi, watu wanapiga makofi, jioni kuku yuleyule analetwa kwangu nimpike kwa ajili ya kikao. Mafuta, kitunguu, mkaa, unga wa ugali, hivyo havina mnada.

Na huyo mke wa kijana wenu, kabla hamjamfanya mwalimu wa shule ya Jumapili, kiongozi wa wanawake na mfagiaji wa kanisa, kuna mtu amemuuliza anajua kazi gani? Mimi ni fundi wa kushona. Tulikaa muda mrefu mume wangu akinong'ona habari za uhamisho usiku, akidhani nimelala. Siku mama mmoja wa usharikani aliponipa kona ya kibanda chake gulioni nikaweka cherehani, hizo habari zikaisha. Sare za shule peke yake zinatulisha Desemba na Januari.

Mwinjilisti Mstaafu

Marahaba binti yangu. Nimesoma hilo la choo nikanyamaza kidogo. Mzee Mgonga Reli, weka choo kabla ya shamba.

Mhazina wa Mjini

Mstaafu nakuheshimu sana, lakini kwenye bati nakataa. Bibi akinyeshewa madhabahuni hatarudi Jumapili inayofuata, na huyo bibi ndiye mtoaji wa ahadi wa uhakika kuliko sisi wote. Ila siyo paa zima. Bati sita juu ya madhabahu na benchi za mbele, basi. Halafu vuteni benchi zote huko mbele. Watu ishirini mkitawanyika kwenye jengo la mia tatu, hata wimbo unapotelea njiani kabla haujafika ukutani.

Sisi tuliozaliwa mashamba ya Muheza tuko Dar, tuna kundi letu la WhatsApp, tunachangia mtaa wa nyumbani. Kuna wenzetu wa mtaa wa pili walikuwa wanamtumia mwinjilisti pesa moja kwa moja kwenye simu yake. Nia njema, lakini ilileta maneno. Mchungaji aliona amerukwa, na wazee wa pale wakaacha kutoa kwa hoja kwamba "si wa Dar wanatoa?" Kwetu pesa inaingia akaunti ya usharika, risiti inapigwa picha inarudi kundini, na ya kwetu haitoki mpaka mtaa wenyewe umetoa chake kwanza, hata kiwe debe la mahindi. Mwezi ambao mtaa haukutoa, sisi pia tunakaa kimya. Tumetukanwa kwa hilo. Bado tunashikilia.

Nawashauri pia mchange kidogo kila mwezi badala ya kikubwa mara moja. Mwinjilisti anayejua tarehe tano kuna kitu hata kidogo anapanga maisha yake. Anayesubiri harambee ya mwaka anakopa kwa mangi, na akishakopa kwa mangi ambaye ni muumini wake, hebu niambie atamkemeaje.

Mgonga Reli

Asanteni, na wewe binti wa cherehani ubarikiwe. Niliusoma ujumbe wako kwenye baraza neno kwa neno. Palikuwa kimya, halafu mzee mmoja akauliza choo cha nyumba ya mtaa kikoje. Hakuna aliyekuwa na jibu, ikabidi kikao kisimame twende tukaangalie. Jumamosi tunachimba kipya. Mke wa kijana, kumbe, amesomea ususi. Dada wa duka la M-Pesa amesema kibarazani kwake kuna nafasi ya kiti na kioo.

Bati sita zimepita. Spika haikupita, kuna mtu amenuna. Barua ya tarehe za mchungaji ninaiandika mimi, ya makisio ataiandika katibu kwa sababu ana maneno matamu kuliko yangu.

Tumeanza kupita na daftari, safu moja ya nyumba tu mpaka sasa. Tumemkuta nesi wa zahanati, Mlutheri wa Iringa, anasali nyumbani kwa redio. Amesema atakuja, tutaona.

Limebaki moja linaloniumiza kichwa. Kwenye lile daftari la mkutano wa Injili kuna mabinti wawili wa familia za Kiislamu. Baba zao ni majirani zangu, tunazikana, mwaka jana msiba wa mke wangu waliubeba wao kuanzia kuchimba kaburi. Kijana anataka kwenda kuwatembelea hao mabinti. Nimemwambia asubiri kwanza. Mstaafu, wewe ulikuwa unafanyaje?

Mwinjilisti Mstaafu

Pole kwa msiba mzee mwenzangu, sikujua.

Asiende peke yake, na asiende kwa mabinti. Muende wawili, mchana, mbele ya macho ya watu, mbishe hodi kwa baba. Wewe ndiye umsalimie, kwa sababu wewe ndiye anayekujua. Mwambie wazi: majina ya binti zenu yaliandikwa kwenye mkutano wetu, hatutaki mlisikie kwa watu wengine, huyu ndiye mwinjilisti wetu mpya. Halafu mnyamaze mumsikilize. Kama mabinti bado wanakula kwake na wanasoma, neno la baba ndilo neno, na kijana alipokee bila kuchukia. Kama ni watu wazima watajitafutia wenyewe njia ya kuja, mlango hamjaufunga. Niliwahi kuambiwa hapana kwenye nyumba ya namna hiyo, na yule baba ndiye aliyetuazima mikokoteni ya mchanga tulipojenga nyumba ya mwinjilisti.

Na Ramadhani ikikaribia, muende kabla haijaanza.